Umeshuka Dar kutoka Njombe? Anza na usingizi

Basi likimaliza kushuka mlima Kitonga, watu wa kwetu Njombe wanaanza kuvua masweta. Mkifika Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na mafungu ya vitunguu, madirisha yote yako wazi na kuna mtoto analia. Wengi hudhani hapo ndipo wameonja joto. Bado. La Mbuyuni ni kavu, jasho likitoka linapotea. La Dar lina unyevu wa bahari, kwa hiyo jasho linatoka na kubaki hapo hapo mwilini. Hilo fukuto ndilo linalowashinda watu wa milimani.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Njombe, napanga Mbagala. Haupiti mwaka bila ndugu au jirani wa nyumbani kushuka, na wa kwanza kumpigia simu ni mimi: dada, huku mnalalaje? Nimeandika hapa yale ninayowaambia.

Msimamo wangu ni mmoja, na najua wapo wasiokubaliana nami. Watu wanahangaika na joto la mchana, wananunua kofia, miavuli, soda za baridi, wakati kinachowamaliza ni usiku. Mtu aliyelala vizuri anaumudu mchana wa nyuzi 32. Asiyelala, wiki ya pili kichwa kinamuuma, kazi haiendi, na kila anayemsalimia anamwona mchokozi. Kwa hiyo hela yako ya kwanza iende kwenye chumba na kitanda, hayo mengine yatafuata.

Kwanza tarehe. Kama una nafasi ya kuchagua, hamia Juni au Julai. Kusi, upepo wa kutoka kusini, inavuma, usiku unashuka hadi nyuzi 19 au 20, na utashangaa wenyeji wanalalamika baridi. Kaskazi, upepo wa miezi ya joto, ikianza Desemba na kuendelea hadi Machi, mwili wako utakuwa umeshajifunza. Tatizo ni kwamba wengi tunashuka Januari kwa sababu ya shule na ajira, na Januari usiku hauendi chini ya nyuzi 25 hivi, wakati wewe umezoea usiku wa Julai wa chini ya 10.

Ukija Januari hiyo hiyo, usiogope, ila jipe kama wiki mbili. Huo ndio muda mwili unaohitaji: jasho linaanza kutoka mapema, linakuwa jingi zaidi, na chumvi inayopotea nalo inapungua. Lakini mwili haujifunzi ukiwa umefichwa. Anayeshinda kwenye kiyoyozi kutwa nzima, akitoka nje bado ni mgeni. Na anayeruka kutoka kwenye basi kwenda kubeba zege anajitafutia kuanguka. Siku za mwanzo fanya nusu ya kazi uliyozoea, asubuhi na jioni, kisha ongeza kidogo kidogo.

Sasa chumba. Dalali atapenda kukupeleka asubuhi, na saa hizo kila chumba ni kizuri. Wewe mwambie unataka kukiona saa kumi alasiri. Ukiingia, weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Ukiwa wa moto kwa ndani, jua huo ukuta utaendelea kutoa moto mpaka saa tatu, saa nne usiku, kitanda chako kikiwa kimeegemea hapo hapo. Kisha inua macho. Bati tupu bila dari, rudisha ufunguo hata kama kodi inavutia, maana utalala ndani ya oveni. Dari ya jipsamu au ya mbao inasaidia sana, na kama kati ya dari na bati kuna matundu ya kutolea hewa, bora zaidi.

Madirisha yawe mawili, kwenye kuta tofauti. Dirisha moja, hata liwe kubwa namna gani, upepo hauna pa kutokea, hivyo hauingii. Miezi ya joto upepo wa Dar unatokea kaskazini mashariki na baharini, kwa hiyo dirisha la upande huo ni mali. Lakini uswahilini nyumba zimebanana, dirisha linaweza kutazama upande mzuri kabisa na mbele yake kuna ukuta wa jirani. Simama hapo, toa mkono nje, usikilize kama kuna hewa inapita. Angalia na wavu wa mbu dirishani. Vumbi la barabarani linauziba mpaka unakuwa kama kitambaa. Brashi na maji ya sabuni mara moja kwa mwezi, utadhani umeongeza dirisha.

Mama mwenye nyumba wangu wa kwanza, mtu wa Mkuranga, alinikuta nimefungua mapazia yote mchana ili nyumba "ipate hewa". Akaniambia, "Mwanangu, jua usilikaribishe ndani, halina haraka ya kuondoka." Toka hapo pazia la magharibi nalishusha saa tano asubuhi, dirisha likiwa wazi nyuma yake, na nalifungua jua likishazama. Kwetu tunafanya kinyume, tunaliita jua ndani lituchangamshe. Hilo lilinichukua muda kulitoa kichwani.

Tuje kitandani. Godoro jipya linakuja na nailoni, na watu wa kwetu hupenda kuiacha ili godoro lisichafuke. Itoe leo. Nailoni inazuia jasho lisiende popote, unaamka mgongo umelowa. Juu ya godoro tandika shuka la pamba, moja tu. Blanketi ulilofungashiwa na mama liweke juu ya kabati. Godoro la sponji lenyewe linashika joto, kwa hiyo usiku mbaya kabisa wa Februari wengine tunashuka chini, mkeka wa ukindu juu ya sakafu ya saruji iliyopigwa deki jioni. Hakuna aibu hapo, majirani zako wengi wanafanya hivyo.

Oga dakika chache kabla ya kulala na usijifute ukakauka kabisa. Lala na unyevunyevu, feni ikupige. Umeme ukikatika, lowesha kanga, ikamue sana, jifunike kifuani. Ikikauka, rudia.

Feni inahitaji maelezo kwa sababu watu wanaielewa vibaya. Feni haipoozi hewa. Inachofanya ni kukausha jasho lako, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Kwa hiyo kuiacha inazunguka kwenye chumba kisicho na mtu ni kuchoma umeme wa LUKU bure. Pangaboi la juu ni zuri kama dari ipo. Kwenye chumba cha bati linakusukumia joto la juu likufuate kitandani, hapo bora feni ya kusimama. Usiku, nje kukishapoa kuliko ndani, isogeze karibu na dirisha ivute hewa ya nje. Kuhusu gharama, piga hesabu mwenyewe: feni ya wati 60 ikiwaka saa 10 ni uniti 0.6, mwezi mzima uniti 18. Kiyoyozi kidogo cha wati 800 kikivuta saa 8 bila kupumzika ni uniti 6 na ushee kwa usiku mmoja. Yaani feni inachokula mwezi mzima, kiyoyozi kinakimaliza kwa siku tatu. Mwenye kipato atanunua, simzuii.

Chandarua usikiache kwa sababu ya joto, hata siku moja. Najua kinapunguza upepo. Kifunge juu zaidi na kwa upana ili kisikuguse, na feni ielekezwe ubavuni mwa kitanda ipenye. Sababu nitaieleza nikifika kwenye homa.

Maji ya kuoga. Ukipanga nyumba yenye tanki juu ya paa, usifungue bomba saa tisa alasiri ukitegemea ubaridi. Yanatoka ya moto kuliko yale tuliyokuwa tunachemsha Njombe. Jaza ndoo asubuhi na uiweke kivulini ndani. Kuoga ni asubuhi, ukirudi kazini, na kabla ya kulala. Wazee wetu husema ukioga una jasho utapata nimonia. Nimonia inaletwa na vijidudu. Mtu mzima mwenye afya akijimwagia maji ya kawaida akiwa na jasho hapati nimonia kwa ajili hiyo.

Ya kunywa, usisubiri kiu, na usihesabu glasi. Angalia mkojo. Ukiwa wa njano hafifu kama maji ya limao, uko salama; ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, mji huu kipindupindu kinarudi mara kwa mara mvua zikinyesha. Dafu ni zuri, juisi ya ukwaju pia, ilimradi umeona maji yaliyotumika. Bia na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, havihesabiki kwenye maji. Najua ulanzi huku haupatikani kirahisi, lakini kuna mtu atakuletea kwenye dumu na basi la usiku, nalo litakuwa limechacha kiasi cha kufungua kifuniko lenyewe kabla ya Chalinze.

Chumvi: kama unakula chakula cha kawaida, chumvi ya kwenye mboga inatosha. Anayefanya kazi ngumu juani akitoka jasho kutwa, awe na pakiti ya ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, nyumbani. Mwenye presha asijiongezee chumvi kwa kisingizio cha jasho, na anayetumia vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, amuulize daktari kuhusu dozi yake kabla hajahama.

Jikoni tabia ya Njombe itakugharimu. Kwetu sufuria ya maharage inalala mekoni na kesho yake inaliwa. Huku maharage ya mchana yakifika usiku bila kupashwa yameanza kutoa povu. Pika kinachotosha. Ukiwa huna friji, kinachobaki kipashe mpaka kichemke vizuri jioni, na asubuhi kama harufu imebadilika, mwaga. Wali ni mjanja zaidi, unaweza kuharibika na usinuke; usiuache mezani kutwa nzima ukaula usiku. Jiko la mkaa liweke nje kwenye baraza au uani. Ndani linaongeza joto, na hewa yake ya sumu mlango ukifungwa inaua. Maharage na nyama napika alfajiri, mchana nabandika wali tu.

Sasa kwenye nguo, hapa ni kazini kwangu, mnivumilie.

Watu huniambia wamenunua "pamba" halafu nguo inawachoma. Ukienda dukani, usimsikilize muuzaji, omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo wa kitambaa na uuwashe kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na inaacha jivu laini unalolisaga kwa vidole. Polista inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukipata jivu na vidonge vidogo pamoja, ni mchanganyiko. Njia nyingine ni tone la maji: pamba inalinywa hapo hapo, polista inaliacha linateleza. Madera mengi ya kuteleza yanayouzwa Kariakoo ni polista. Yanapendeza, lakini vaa kwenye shughuli, usivae sokoni saa saba.

Kanga mpya ina gamu. Ifue mara mbili tatu kwanza, gamu ikitoka inakuwa laini na inaanza kunywa jasho. Kanga iliyofuliwa mwaka mzima ndiyo vazi bora la nyumbani Dar, kwa mama na kwa baba pia, wanaume wa huku hawaoni haya kujifunga shuka au msuli wakiwa nyumbani. Ukija kushona kwangu nitakuuliza swali ambalo Njombe hukuulizwa: unataka inchi ngapi za nafasi? Nguo ikibana kwapani na kiunoni, hewa haipiti, hata iwe pamba tupu. Mikono naiacha mipana. Bitana situmii isipokuwa kitambaa kinaonyesha. Suruali ya kazini iwe nyepesi, rangi ya mpauko, na jinzi zile nzito zibaki kwa safari. Na usishangae kuwaona wanafunzi wa Dar wamevaa masweta ya shule juu ya jua hilo. Ni sare, na sijawahi kupata anayenieleza kwa nini.

Ngozi nayo inabadilika. Kule tunajipaka mafuta ya mgando kwa sababu upepo unapasua midomo na visigino. Huku mgando unaziba vinyweleo, jasho linakosa njia, na harara inatoka shingoni, kifuani, chini ya matiti. Hamia kwenye losheni nyepesi, au acha kabisa kwa wiki moja uone. Harara ikishatoka, maji ya kawaida, nguo pana, usikune, na usipake mafuta juu yake. Katikati ya vidole vya miguu kausha kila ukioga, vinginevyo fangasi. Soksi badilisha kila siku.

Barabarani, hili dogo litakufaa. Daladala ya Mbagala kwenda mjini inaelekea kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua liko kulia. Jioni ukirudi unaelekea kusini, jua limehamia magharibi, na bado liko kulia. Kaa kushoto, upande wa mlango, asubuhi na jioni. Wenyeji wanajua, ndiyo maana siti hizo zinajaa kwanza.

Watoto. Mtoto mchanga wa Njombe anavikwa kofia, sweta, na shali mbili, na bibi akija kutembea atataka iwe hivyo hivyo. Mwambie kwa adabu, "Shikamoo bibi, huku tunamvalisha moja." Mguse mtoto kifuani au mgongoni; kukiwa na jasho, punguza nguo. Aliye chini ya miezi sita na ananyonya hahitaji maji hata kwenye joto hili, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama ndiye aongeze maji. Wakubwa waache wacheze jioni. Utaona watoto wa jirani wako nje mpaka saa tatu usiku na utasema mtaa huu hauna malezi. Ni kwamba saa hizo ndiyo kuna hewa. Hata watu wazima wanakaa barazani, wanasuka, wanacheza bao, wanauza samaki wa kukaanga. Jiunge nao. Kuingia ndani saa mbili kama Njombe ni kwenda kukaa kwenye chumba ambacho bado hakijapoa.

Nimeahidi kuzungumzia homa. Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa Tanzania, na mtu aliyekulia huko hana kinga aliyonayo mtu aliyeumwa mbu tangu utoto. Mdogo wangu aliposhuka alipata homa wiki chache baadaye, akasema ni joto tu, atazoea. Tulimpeleka akapimwa damu kidoleni, ikawa malaria, akapewa dawa. Kanuni yangu kwa wageni: joto la hewa halileti homa ya kutetemeka. Mwili ukichemka, ukapata baridi, viungo vikauma, nenda ukapime siku hiyo hiyo, usianze na panado na kusubiri.

Joto lenyewe likikuzidi dalili zake ni nyingine. Kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa, misuli kukaza, jasho jingi: kaa kivulini, legeza nguo, kunywa maji au ORS taratibu, usirudi kazini siku hiyo. Lakini mtu akianza kuongea yasiyoeleweka, akapepesuka, akazirai, na mwili ni wa moto sana, hiyo ni hatari ya kifo. Mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea hapo hapo huku usafiri wa hospitali unatafutwa. Msimnyweshe chochote kama hana fahamu.

Jambo la mwisho ni likizo ya Krismasi. Mtatoka Dar mmeshazoea, mtakaa Njombe wiki tatu mkila viazi na kuota moto, na mwili utasahau sehemu kubwa ya ulichojifunza. Mnarudi Januari, mwezi ule ule mbaya. Mimi wiki ya kwanza ya kurudi sipokei sare za shule za haraka, ingawa ndio msimu wake na wateja wananuna. Nashona asubuhi mpaka saa tano, nalala mchana, naendelea saa kumi na moja. Wiki inayofuata narudi kwenye saa zangu.